Dabobesi Dar: Simandl, Rabbath au sikio la Unguja?

Mpwa wangu anapiga gitaa la besi kwenye kwaya moja ya Tabata. Mwaka huu mzungu mmoja wa Masaki aliyekuwa anarudi kwao aliuza vitu vya nyumba, na katikati ya friji na makochi lilikuwepo dabobesi, ile ala ya nyuzi kama fidla kubwa, ndefu kuliko mtu. Kijana akakopa, akaongezea na akiba yake, akalichukua. Kesho yake yuko sebuleni kwangu, besi limeegemea kabati la vyombo, na shangazi yake analitazama kama mgeni ambaye hajasema atakaa siku ngapi.

"Shikamoo, anko."

"Marahaba. Na hili limefikaje?"

"Kwa kirikuu. Anko, sasa nianzie kwa nani? Kwa Simandl au kwa Rabbath? Huko mtandaoni watu wanagombana."

Wanagombana kweli, na kwa maneno makali. Simandl na Rabbath ni wapiga dabobesi wawili, kila mmoja na vitabu vyake na njia yake ya kufundisha ala hii. Nilimjibu kwa kirefu, na kwa kuwa si yeye wa kwanza kuniuliza, majibu nimeyaweka hapa. La kushika ni hili: kila njia ya kufundisha ala hii ilitungwa na mtu mwenye kazi yake, kwa ajili ya wanaoitaka kazi ileile. Wengi wanaogombana hawafanyi kazi moja, ndiyo maana hawamalizi.

Kwanza kazi, kitabu baadaye

Wapiga dabobesi wakubwa kadhaa hawakulitafuta besi. Walikuta nafasi iko wazi wakaingia. Giovanni Bottesini, mzaliwa wa Crema nchini Italia, alikuwa kijana wa fidla. Mwaka 1835 baba yake alipomtafutia nafasi ya ufadhili kwenye chuo cha muziki cha Milan, zilikuwa zimebaki mbili tu: ya fagoti, ala ya kupuliza, na ya dabobesi. Alijifunza besi kwa wiki chache, akafanya usaili, akachukuliwa. Mtu huyohuyo ndiye aliyekuja kuongoza okestra Kairo tarehe 24 Desemba 1871, opera ya Aida ilipoimbwa kwa mara ya kwanza.

Ron Carter wa Marekani alianza na selo, ndugu mdogo wa dabobesi anayepigwa umekaa. Akiwa shuleni Detroit aliona mpiga besi anamaliza masomo na nyuma yake hakuna mtu, akahamia besi. Mwaka 2015 Guinness walimtambua kuwa mpiga besi wa jazi aliyerekodiwa kuliko wote, rekodi 2,221. Chi-chi Nwanoku wa Uingereza, ambaye baba yake ni Mnigeria, alikuwa mkimbiaji wa mbio fupi mpaka goti lilipoumia. Akashauriwa ashike ala ambayo wanaoipiga ni wachache, akaanza besi akiwa na miaka kama 18. Mwaka 2015 alianzisha okestra ya Chineke!, na anafundisha Royal Academy of Music mjini London.

Dar nafasi iko wazi pia, ila kwa sababu nyingine. Kazi yenyewe ilihama. Taarabu ya kisasa ilishika kinanda na gitaa la besi, bendi za dansi zina gitaa la besi miaka mingi sasa, makanisani ndiyo usiseme. Ukiwa na dabobesi mjini hapa huna mpinzani, na mteja pia utamtafuta kwa tochi. Wanaobaki ni hoteli zinazotaka jazi ya chakula cha jioni, vikundi vya taarabu asilia (na hapo unavuka maji), kwaya inayotaka Haleluya ya Handel na nyuzi kamili wakati wa Krismasi, studio mara mojamoja, na wanafunzi. Shika orodha hiyo kichwani tunavyoendelea.

Simandl: njia ya mtu wa nyuma ya okestra

Franz Simandl (1840–1912) alikuwa mpiga besi mkuu wa okestra ya opera ya kifalme Vienna, na alifundisha kwenye chuo cha muziki cha jiji hilo kuanzia 1869 hadi 1910. Fikiria kazi yake ya kila usiku: karatasi ya noti mbele, mwongozaji juu, waimbaji hawana subira, na anayekosea chini anawaangusha wote walio juu. Kitabu chake kinamtengeneza mtu wa kazi hiyo.

Mkono wa kushoto unatumia kidole cha kwanza, cha pili na cha nne. Cha tatu hakilali. Kinakisaidia cha nne kubonyeza, maana nyuzi za besi ni nene na ziko mbali na ubao. Kati ya kidole cha kwanza na cha nne kuna toni nzima. Huo ndio upana wa mkono wako, basi. Ukitaka noti nyingine kwenye uzi huohuo, mkono mzima unahama na dole gumba nyuma ya shingo. Simandl amekatakata shingo katika pozisheni, yaani vituo vya mkono, ndogondogo, nusu toni kwa nusu toni, na kila moja ina kurasa zake za mazoezi. Dole gumba kupanda juu ya ubao kunasubiri kitabu cha pili.

Kwa mtu wa gitaa la besi hii ni dawa chungu. Kwenye gitaa la besi la kawaida, uzi kutoka karanga (kile kijiti cha juu ya shingo nyuzi zinapopita) hadi daraja (kile kinachozibeba chini) una sentimita kama 86. Kwenye dabobesi la ukubwa wa robo tatu, ambalo ndilo la kawaida kwa watu wazima, ni 104 hadi 106. Na halina freti, vile vyuma vinavyoigawa shingo ya gitaa. Mpwa wangu alijaribu kupiga kidole kimoja kwa kila nusu toni, kama alivyozoea. Alishikilia dakika mbili, kisha nikamwona anakunjakunja kiganja.

Faida kubwa: ukishalishika hili, unajua noti iko wapi hata gizani. Faida ya pili ni ya mfukoni. Toleo la zamani la kitabu cha Simandl halina tena haki miliki, linapatikana bure kwenye maktaba ya noti ya IMSLP. Unalichapisha stesheneri, unalibandika ukutani.

Hasara yake ni ukavu. Kurasa na kurasa bila wimbo wa kumchezea mama yako. Nimeona vijana watatu wakiacha kabla ya pozisheni ya tatu, na mmoja wao alikuwa na kipaji kuliko mimi.

Rabbath: njia ya mtu wa mbele

François Rabbath alizaliwa Aleppo, Syria, mwaka 1931. Akiwa mtoto, besi liliingia nyumbani kupitia kaka yake. Baadaye familia ikiwa Beirut alikuta kwenye duka la fundi cherehani kitabu cha zamani cha Édouard Nanny, mwalimu wa besi wa Paris. Hakuwa na mwalimu, na kitabu kilikuwa cha Kifaransa. Akajifunza hivyohivyo. Akadunduliza hela ya kwenda Paris kwa Nanny mwenyewe, kufika akaambiwa mzee alishafariki. Akabaki, akapiga nyuma ya mwimbaji Charles Aznavour, akatoa santuri zake kama mpiga peke yake, na baadaye akaingia okestra ya Opera ya Paris.

Hadithi hii huwa naisimulia kila nikipata nafasi, kwa sababu nusu yake ni hadithi ya kila mwanamuziki wa Dar ninayemfahamu: ala imeingia kwa bahati, kitabu hakikuwa chako, mwalimu hayupo.

Alichokuja kufundisha ni kuugawa ubao wote, kutoka karanga mpaka mwisho, katika pozisheni sita tu, akifuata sehemu ambazo uzi ukiguswa kidogo unatoa sauti ya filimbi. Ndani ya pozisheni mkono haurukiruki. Dole gumba linabaki pale lilipo, mkono unazunguka juu yake kama mlango kwenye bawaba. Juu zaidi, gumba likishapanda ubaoni, kuna mtindo anaouita kaa: vidole vinasogea kimoja baada ya kingine, kimoja kinashika huku kingine kinahama, kama kaa wa Coco Beach akikimbilia shimoni. Mkono haupotei, kwa sababu wakati wote kuna kidole kilichosimama.

Nikamwonyesha mpwa wangu tofauti kwa noti tatu kwenye uzi wa G. A, B, C. Kwa Simandl: A kidole cha kwanza, B cha nne, halafu mkono na gumba vinahama, C kidole cha kwanza. Kwa Rabbath: A na B vilevile, kisha mkono unageuka na C inafikiwa gumba likiwa palepale. Akarudia mara nyingi, shangazi yake akafunga mlango wa jikoni. Kwa njia ya kwanza C yake ilitoka sawa karibu kila mara, lakini kulikuwa na shimo dogo la kimya kabla yake. Kwa njia ya pili shimo halikuwepo, ila C ilikuwa chini kidogo, mara juu kidogo. Ukinikamata nikuchagulie moja ya kasoro hizo, nitachagua shimo. Noti isiyo sawa chini ya kwaya ya watu arobaini haina pa kujificha.

Hasara nyingine: vitabu vya Rabbath vinanunuliwa, na bila kumwona mtu akigeuza ule mkono, maandishi peke yake hayatoshi. Kuna video zake za mkono wa kushoto na za upinde, ziangalie kabla ya kusoma. Na kuna suala la mguu wa chuma, ule unaolisimamisha besi sakafuni. Wanafunzi wake wengi hutumia mguu uliopinda, besi linalala nyuma kidogo na uzito unaondoka kwenye gumba. Ni kitu kizuri. Lakini aina nyingine zinadai tundu jipya litobolewe chini ya besi, na hapa mjini sijui ni nani ningempa drili.

Nasema hivyo kwa uchungu. Miaka ya nyuma nililipakia la kwangu kwenye kirikuu saa saba mchana wa Januari, nikakaa foleni bila turubai. Nilipofika, ubavu mmoja ulikuwa umeachia gundi, mwanya wa kuingiza sarafu. Nikalipeleka kwa fundi wa samani, mtu mwema kabisa, akalifunga kwa gundi nyeupe ya mbao. Lilishika kweli! Shida ni kwamba besi hugundishwa kwa gundi ya ngozi makusudi, ili siku likihitaji kufunguliwa lifunguke bila kupasuka ubao. La kwangu sasa halifunguki. Liwe limefunikwa, lisiegeshwe mbele ya kiyoyozi, na fundi muulize gundi yake kabla hujamwachia.

Sikio la Unguja

Hii haimo kwenye ubishi wa mtandaoni, na ndiyo iliyo karibu nasi kuliko zote. Katika taarabu asilia ya Unguja dabobesi bado lina kiti chake, pamoja na kanuni, udi, fidla na akodiani. Kikundi cha Ikhwani Safaa kipo tangu 1905. Culture Musical Club wapo. Chuo cha muziki cha Dhow Countries kipo Mji Mkongwe tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ndicho mahali pa karibu ambapo kijana wa Dar anaweza kujifunza ala hizi kwa mpangilio.

Namna ya zamani ya kujifunza ni kukaa. Unakaa nyuma ya mzee, unamwangalia mkono, unanyamaza. Miezi inapita. Siku mzee ana mafua, unaambiwa shika. Hapo ndipo inajulikana kama ulikuwa unasikiliza au ulikuwa unasubiri chai.

Sikio hilo linakupa kitu ambacho Vienna haikuwa na haja nacho. Chukua bayati, moja ya ngazi za noti za Kiarabu zinazotumika kwenye taarabu, inayoanzia D. Noti yake ya pili si E wala si E flati, inakaa katikati. Sasa dabobesi limetegwa E, A, D, G, na uzi mnene kuliko wote ni E mtupu. Mtu wa Simandl akisikia "noti ya pili" mkono unamkimbilia kwenye ule uzi mtupu, na hapo fidla zote zinamgeukia. Mzee wa taarabu anaukwepa. Anakaa kwenye D na A, anasubiri, anaingia pale wimbo unapomhitaji. Kujua noti ya kutopiga hakuna kitabu kilichonifundisha. Na ala isiyo na freti ndiyo inayoweza kuipata ile ya katikati, ukiitaka. Gitaa la mpwa wangu haliwezi.

Mpiga taarabu pia anajifunza kuvumilia. Shairi lina beti nyingi, kiitikio kinarudi, mama anainuka kutunza, wimbo unarefushwa hapohapo. Mstari wako ni uleule na lazima uwe na uhai uleule.

Upungufu wake? Siku hoteli ikikupa karatasi saa moja kabla ya shoo, sikio halisomi. Nawajua waliorudishwa nyumbani hivyo, watu ambao kwa muziki wananiacha mbali.

Jazi, kwa kifupi

Kama unachotaka ni hoteli, kazi yako ni kutembeza besi: noti nne kwa kila mapigo manne, koodi zinabadilika, mpiga ngoma anakutegemea. Rufus Reid aliandika kitabu cha kufundisha hayo mwaka 1974 na bado kinatumika. Ila angalia maisha ya Ron Carter. Kabla ya kuingia kundi la mpiga tarumbeta Miles Davis mwaka 1963 alikuwa na shahada mbili za muziki, kwa upinde na kwa karatasi. Uhuru ule wa vidole una msingi wa Simandl au ndugu yake chini yake. Kisha akafundisha chuo kikuu New York kwa miaka karibu ishirini, huku akirekodi. Kupiga na kufundisha kwa pamoja ndiyo hali ya kawaida ya wapiga besi, huko na huku.

Yule anayeishi kwa kupiga peke yake mbele ya okestra ni adimu hata duniani. Gary Karr wa Marekani aliweza, na mwaka 1967 akaanzisha chama cha kimataifa cha wapiga besi. Dar hiyo si ajira ya kupangia kodi ya nyumba.

Ukiwa na mtoto

Mzazi asidanganywe kwamba besi ni la watu warefu tu. Kuna madogo, la robo, la moja ya nane, hata chini ya hapo. Caroline Emery huko Uingereza amefundisha watoto wadogo kwa mabesi ya namna hiyo, na Marekani marehemu George Vance alichanganya mkono wa Rabbath na mtindo wa Suzuki: nyimbo kwanza, kusikiliza kwingi, mzazi darasani. Kwa mtoto mimi nachukua Vance bila kufikiri mara mbili. Simandl kwa mtoto wa miaka saba ni adhabu. Tatizo ni kulipata hilo besi dogo. Mpaka lifike, selo litamfaa zaidi kuliko kumpa la robo tatu akapanda kigoda.

Upinde wa Kifaransa unashikwa kiganja kikiwa juu, wa Kijerumani kiganja kikiwa upande, kama unashika msumeno. Watu wanauliza sana. Tumia ule uliokuja na besi lako.

Nilivyomshauri

Nilimuuliza kwanza pesa ya besi hili itatoka wapi Jumamosi. Akasema hotelini, ana rafiki anapiga kinanda huko Msasani. Na baadaye afundishe, kwenye shule zinazofanyisha mitihani ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, yenye ngazi nane na noti za kusoma papo hapo. Kwa mipango hiyo nikamwambia Simandl miezi sita, kitabu cha kwanza, polepole, kwa upinde. Rabbath aangalie kwa video mapema, lakini asiuingize ule mkono wa bawaba mpaka sikio limkemee akikosea. Angekuwa anataka taarabu ningemwambia aanzie ng'ambo, karatasi zimfuate huko. Angekuwa ni mtu wa makamo mwenye mshahara wake, anayetaka tu kupiga nyimbo nzuri jioni, ningempa Rabbath siku ya kwanza, afurahi.

Akitafuta mwalimu wa nje kwa simu, ajue uzi wa E unatetema kama mara 41 kwa sekunde, na spika ya simu haifiki huko. Mwalimu asiyevaa headphone nzuri anasikia kivuli cha noti, na masahihisho yake ni ya kivuli. Bora mwalimu wa selo aliyeko hapa mjini akurekebishie upinde ana kwa ana mara mbili kwa mwezi.

Alikubali yote haraka mno, nikajua hajakubali. Akainama kulifunga besi kwenye mfuko wake, akauliza bila kuniangalia:

"Anko, ile bayati. Nipigie tena."

Nikampigia. Akajaribu, akaugusa ule uzi wa E, akaukunjia uso mwenyewe kabla sijasema neno.

"Boti ya Unguja wanatoza hili kama mzigo au kama mtu?"

Shangazi yake akajibu kutoka jikoni kwamba vyovyote vile, lipande boti.